Ukuta wa Mama Ken

Mama Ken hanunui miche kama watu wengine. Wa Lavington hushusha kioo cha gari, hunionyesha picha kwenye simu, husema wanataka kama hiyo, na kabla sijawaambia kwamba ya pichani haipendi udongo wetu wameshalipa, wamekwenda kuiulia kwao. Mama Ken huja kwa miguu. Hushika jani kwa vidole viwili, hulisugua polepole, hulitazama upande wa chini, kisha hunitazama mimi kana kwamba ndimi niliyelishona.

Ni mazoea ya kazi. Aliuza vitambaa vya pazia katika duka moja Ngara, tangu akiwa msichana mpaka macho yake yalipokataa kuona uzi. Kazi yake ilikuwa kusimama na mteja na kufungua jora baada ya jora. Anasema mtu hajui anachotaka mpaka akishike.

"Mama Ken," mimi humwambia, "hapa ukishika sana, jani linakufa."

Hucheka kidogo, kisha hushika lingine.

Jina lake ni Hannah. Mimi nauzia miche kando ya barabara ya kuingia Loresho ukitoka Waiyaki Way, na nyumba yake iko chini huko, katika shamba ambalo baba mkwe wake aliwagawia wanawe wawili kabla matajiri hawajajua Loresho iko wapi. Watu hudhani kila anayekaa Loresho ana pesa. Yeye ana ardhi, na hicho ni kitu kingine. Mume wake alishazikwa. Mtoto ni mmoja, Ken, naye yuko Amerika.

Mwaka jana alikuja ameshika simu kwa mikono miwili, kama sahani ya supu.

"Ken ameamua nijengewe ukuta."

"Wa nini? Si una fensi ya kayaba, na miiba yake yote?"

"Anasema kayaba ina matundu. Anasema wezi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi naulizwa rangi tu."

Basi tukaanza kuchagua. Kila wiki alikuja na jambo lake. Mara mawe yapigwe plasta, mara yaachwe wazi yaonekane. Mara juu ya ukuta kuwekwe vigae vyekundu, mara visiwekwe, vitafanana na vya hoteli. Alikwenda mpaka mjini kutafuta kadi za rangi, akarudi na nyeupe za kila aina, akazipanga juu ya debe langu la mbolea.

"Hii ni ya maziwa, hii ya mfupa, hii ya pamba."

"Mama Ken, zote ni nyeupe."

"Wewe hujui nyeupe."

Halafu ukaja mmea wa kupanda ukutani. Bogenvila ina miiba. Ivi huleta nyoka, au ndivyo alivyosikia. Nikamwonyesha yasmini, mche mzuri uliokwisha kushika.

"Huu hunukia jioni."

"Jioni niko peke yangu," akasema. "Harufu nzuri ukiwa peke yako inachosha."

Nikaurudisha mche mahali pake.

Ndipo nikauliza ukuta utapita wapi. Akasema kote, na upande wa nyuma pia, kwa Kui.

Kui ni mke wa yule ndugu mwingine, naye ni mjane pia. Waliolewa katika boma moja, wakateka maji pamoja, wakachukuliana watoto mgongoni. Kulikuwa na kijia katikati ya kayaba, na hakuna aliyekuwa akipiga hodi. Mume wa Hannah alipokufa, Ken hakuja kumzika. Hakuwa na makaratasi. Angetoka kule asingerudi, na karo ya binamu zake ilitoka kwake. Kui alisimama mbele ya waombolezaji akasema mwana asiyetupa udongo kwenye kaburi la baba yake asihesabiwe. Hannah akaziba kijia kwa waya wa miiba. Kui akahama kanisa. Miaka imepita zaidi ya kumi.

Lakini haikupita siku bila Hannah kumtaja.

"Taa yake ya jikoni haizimi mpaka amalize kuomba," aliniambia. "Siku hizi anaomba sana. Ana dhambi nyingi, yule."

"Unaiona wapi?"

"Kwa dirisha langu, juu ya kayaba."

"Kwa hivyo unamchunga."

"Simchungi. Najua tu kwamba yuko."

Hapo nikamtazama vizuri. "Ken anataka ukuta wa futi ngapi?"

"Tisa."

"Na hiyo taa utaionaje?"

Alilishika jani la yasmini, akalisugua mpaka likatoa maji. Nikaelewa basi kwa nini mwanamke aliyechagulia nusu ya Nairobi pazia hakuweza kuchagua nyeupe moja. Ningeyaacha hapo. Lakini mdomo wangu hauna mlango.

"Mama Ken, wewe hutaki ukuta. Mwambie mtoto hutaki, uache kunimalizia majani."

Aliuma midomo. Akachukua kadi ya kwanza iliyokuwa karibu na mkono wake, ile ya mfupa, akasema Ken ameshamtumia fundi pesa, na kazi inaanza Jumatatu. Hakuniaga.

Wiki hiyo hakuja. Alikuja Dalmas, ndiye fundi mwenyewe, na gunia begani.

"Mathe, nimekuletea mali safi. Maua. Angalia vitunguu vyake, kama kichwa cha mtoto."

"Yametoka wapi?"

"Kwa shosh, yule bibi wa ukuta. Kwa laini ya msingi. Alisema nitoe kila kitu."

Nikafungua gunia. Majani marefu kama mishipi, na udongo mwekundu bado umeshika mizizi. Nikalifunga tena upesi.

"Dalmas, umeng'oa mpaka."

"Mpaka gani? Si ni maua haya?"

"Hili ni itoka. Kwetu mzee akigawa shamba hupanda matoka kwenye mstari. Mnaweza kupigana, mkashtakiana, mkalogana, lakini itoka haliguswi. Likitolewa, pande zote mbili zinasimama hapo na mashahidi. Anayeling'oa peke yake anajitafutia laana."

"Kwetu mpaka ni mkonge," akasema. "Unakudunga, unajua umefika. Nyinyi mnaweka mpaka wa maua, halafu mnashangaa mtu akiyachuma."

"Sikia huyu."

"Lakini si ni ukweli, mathe?"

"Huo ukweli utausema tukitembea. Beba gunia."

Tulimkuta Hannah kwenye veranda, na mkebe mdogo wa rangi ya mfupa. Alikuwa amepaka kiraka kimoja ukutani mwa nyumba na amekaa akikitazama. Dalmas aliweka gunia miguuni pake. Hannah akashika jani moja kwa vidole viwili. Hakulisugua.

"Mstari wote?"

"Wote, shosh. Uliniambia kila kitu."

"Nilikuambia." Alikuwa hajafika kona ile ya shamba tangu azibe kijia. Alimwelekeza fundi kwa kidole, akiwa hapo hapo kwenye veranda. "Nilisahau. Hivi mtu anasahau itoka?"

"Niyarudishe? Mashimo bado yapo."

"Huwezi," akasema Hannah. "Lazima wa ng'ambo asimame aone linarudi palepale."

"Basi tumwite," akasema Dalmas. "Si ni hapo tu?"

Sisi wawili tulitazama chini. Mgeni wa jambo ndiye huona ni rahisi.

Hannah aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amebadilisha kitambaa cha kichwa, na mkononi ana sukari na majani ya chai, maana huendi kwa mtu mikono mitupu, hata awe adui. Akaniomba nimsindikize. Kayaba ilikuwa imekatwa, waya umekunjwa, na mlango wa jikoni wa Kui tuliuona wazi hatua chache mbele yetu.

"Si tupitie hapa?" nikamwuliza.

"Huku sijakaribishwa."

Tukazunguka kwa barabara, mwendo mrefu wa jua kali, kwenye kuta za watu na mageti yenye walinzi. Njiani alikuwa akijaribu maneno kwa sauti ya chini. "Kui, nimekuja kwa neno la shamba." Hakuyapenda. "Kui, kuna kosa limefanyika." Hayo pia aliyaacha. Tulipofika getini hakuwa amechagua.

Alifungua mzee mmoja mwenye viatu vya mpira, mtunza boma, anaitwa Kibe.

"Tunamtaka Kui," nikasema, maana Hannah alikuwa hajafungua mdomo.

"Cucu, bibi mwenyewe, hayuko. Alianguka bafuni akavunjika mguu. Binti yake alimpeleka Nanyuki kabla ya mvua za masika."

"Jana nilimwona," akasema Hannah.

"Ulimwona wapi?"

"Taa yake. Ya jikoni."

"Hiyo ni mimi," akasema Kibe. "Naiwasha giza likiingia, wezi wajue kuna mtu. Nikienda kulala naizima."

Hannah alisimama na sukari yake. Nyuma ya Kibe niliona madirisha yamefungwa na majani yameota mpaka ngazini. Mvua za masika zilikuja na kwenda, baridi ikaja ikaisha, na mwanamke huyu kila jioni akiosha sufuria moja na kikombe kimoja, akimtazama Kibe.

"Mbona hamkuniambia?"

Kibe alijikuna shingo. "Binti alisema nyinyi hamwongei."

Namba alitupa yeye. Hannah alipiga akiwa hapo hapo getini, na kwa kuwa masikio yake yamechoka alitia simu sauti ya juu. Mimi sikusikiliza kwa makusudi, lakini pia sikusogea.

"Nani?" Sauti ilikuwa kavu.

"Ni Hannah."

"Hannah yupi?"

"Wa ng'ambo ya kayaba."

"Nani amekupa hii namba?"

"Kibe."

"Mwambie Kibe nikirudi nitamchapa kwa mkongojo. Nani amekufa?"

"Hakuna. Ni matoka. Yameng'olewa yote. Ni fundi, lakini ni mimi nilimtuma. Anajenga ukuta."

"Ukuta wa nini?"

Hannah alinitazama, kisha akatazama chini. "Wa kukuzuia wewe."

"Unizuie mimi nikiwa Nanyuki?"

Kibe aligeuka upande. Hata Hannah kona ya mdomo ilimcheza.

"Sikujua umekwenda, Kui."

"Ungejuaje." Halafu akauliza, "Mtoto alipata makaratasi?"

"Alipata. Kitambo."

"Basi si aje nyumbani."

"Haji. Anatuma ukuta."

Tulisikia huko Nanyuki mtu akimwita Kui, na chombo kikianguka. "Usiyaguse matoka mpaka nije," akasema. "Najua kila moja lilipokuwa."

"Utakuja lini?"

"Mguu ukikubali." Simu ikakatika, au akaikata.

Hannah alimpa Kibe sukari na majani ya chai. Tulirudi kwa njia ile ile ndefu.

Dalmas alijenga upande wa barabarani tu, akaupaka rangi ya mfupa, na lazima niseme ni nyeupe nzuri, haichomi macho. Upande wa Kui alifukia msingi. Ken alipouliza, mama yake alimwambia udongo wa huko haushiki mawe. Ken aliamini. Amesomea kompyuta.

Matoka yako kwangu, kwenye mchanga chini ya kivuli, na karibu kila siku kuna gari linaloshusha kioo kuyaulizia. Nasema si ya kuuzwa. Wanadhani napandisha bei. Hannah huja kuyatazama na kushika majani. Humpigia Kui Jumapili baada ya kanisa, na siku nyingine hupokea binti, akisema mama amelala. Mguu ulikubali, kisha ukakataa tena. Mara ya mwisho daktari alitaja kuutia chuma.

Ule mche wa yasmini aliununua mwishowe. Nilimwuliza ataupanda wapi, akasema kwenye pengo lililoachwa na kayaba, mwembamba, usizibe.

Juzi nilimpelekea mbolea jioni, nikamkuta amesimama penye pengo hilo, na Kibe upande wa pili.

"Binti amesema niache kuwasha jikoni," Kibe alikuwa akisema. "Anasema ni kuharibu stima, na nyumba haina mtu. Na wewe cucu sasa unajua hakuna mtu."

"Washa. Tokeni za stima nitanunua mimi."

Kibe alinitazama, nami nikajishughulisha na gunia la mbolea.

"Haya. Mpaka saa ngapi?"

Hannah aling'oa gugu moja karibu na yasmini, akalikung'uta udongo.

"Mpaka amalize kuomba," akasema.