Nilikimbia triathlon nikiwa na koti la bucha kwa sababu ya mama mkwe

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, na mke wangu ni shahidi, kwa sababu ameketi hapa kando anasoma kila sentensi kabla sijaiweka. Najua kitu cha kwanza mtakachoomba ni picha ya medali. Medali ipo. Picha sina, na sababu mtaijua mkifika mwisho, kwa hivyo msianze kelele.

Kidogo kunihusu. Nina miaka arobaini na miwili, nimezaliwa Shauri Moyo, Nairobi, na mpaka leo naishi Shauri Moyo. Nauza nyama ya mbuzi soko la Kiamaiko. Tumbo lilipoanza kunitangulia mlangoni, nikaanza kukimbia. Kukimbia kukaleta baiskeli. Baiskeli ikaleta marafiki wabaya, na hao ndio walioniambia kuna kitu kinaitwa triathlon.

Kwa wasiojua: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, unashuka unakimbia, na saa yako haisimami hata ukisimama. Hii niliyoingia ni ile ndefu. Karibu kilomita mbili majini, tisini kwa baiskeli, ishirini na moja kwa miguu. Una saa nane na nusu. Ukipitisha hapo, unapewa maji na pole, medali hupewi.

Baiskeli na mbio sikuogopa. Niliogopa maji.

Mtoto wa Shauri Moyo ataogelea wapi? Maji tuliyokua nayo ni ya ndoo. Nilijifunza kwenye swimming pool moja hapa Eastlands nikiwa na miaka arobaini, pamoja na watoto wa darasa la pili, na walinipita.

Mwaka jana nikaenda pwani kujaribu. Sikufika hata robo ya safari ya majini. Nilimeza bahari, nikashindwa kupumua, nikainua mkono, waokoaji wakanivuta kwenye kayak yao, kimtumbwi cha kasia. Nililia mle ndani ya kayak, wakuu, sioni haya kusema. Niliporudi Kiamaiko wenzangu walishajua, wakanibandika jina Mzigo. Mpaka wateja wakawa wanauliza, "Mzigo yuko wapi leo?"

Nikamwambia mke wangu Nekesa kwamba nitajaribu mara moja tu tena. Nikishindwa, nauza baiskeli na sitazungumzia tena hayo mambo. Nilikuwa namaanisha.

Sasa hapa ndipo mama mkwe anapoingia.

Mke wangu ni Mluhya wa Budalang'i, kule Magharibi. Mimi ni Mkamba wa kuzaliwa jijini, mila nazijua kwa kusikia tu. Siku ya kwanza kupelekwa kwao nilimwona mama mkwe, nikafurahi, nikanyoosha mkono nimsalimie. Mama akaficha mikono yake nyuma. Nikadhani nimekataliwa. Nekesa akanivuta kando, akanieleza kwamba kwao mkwe na mama mkwe hawashikani mikono. Hawaketi karibu. Huli mbele yake, hulali nyumba moja naye, huingii chumbani kwake. Kitu ukitaka kumpa, unakiweka mahali, unarudi nyuma, yeye anakuja anakichukua. Na zaidi ya yote, mama mkwe asiuone mwili wako. Hata vesti usivae akiwepo.

Si chuki. Ni heshima, na ukiizoea ina utamu wake. Miaka kumi na mmoja mama hajawahi kusema nami moja kwa moja. Hata nikiwa nimeketi hatua tano kutoka kwake, atageuka kwa binti yake: "Mwambie mtu wako chai imepoa." Nami namjibu Nekesa: "Mwambie mama nimeshukuru." Kila mtu amesikia kila kitu.

Basi Nekesa akampigia mama simu akamweleza vile nilivyovuliwa majini. Mama akacheka kwanza, akacheka sana. Halafu akauliza swali ambalo hata mwalimu wangu wa pool hakuwahi kuniuliza: "Akiwa ndani ya maji, hewa anaitoa saa ngapi?"

Nikafikiria. Ukweli ni kwamba nilikuwa siitoi. Nilikuwa naibana, nikiinua kichwa natoa na kuvuta kwa mpigo mmoja, na mawimbi yananisubiri papo hapo.

Kumbe mama alikulia kwenye mafuriko. Mto ukijaa, wao walikuwa wakivuka kwenda shule wakiogelea, daftari zimefungwa kichwani. Mimi nilikuwa nimelipia kocha, na kocha mwenyewe ni mama mkwe wangu.

Masomo yakaanza kuja kwa voice note. Kila moja ikianza, "Mwambie mtu wako." Mwambie mtu wako asipigane na maji. Mwambie mtu wako uso ukiwa ndani avume wimbo, wimbo wowote wa kanisa, avume kama nyuki, hewa itatoka yenyewe. Mwambie aanze kwa karai kabla hajaenda popote.

Kwa hivyo nikaanza kwa karai. Nje ya nyumba yetu, karai la maji juu ya stuli, mtu mzima ameingiza uso ndani anavuma wimbo wa kanisa. Majirani waliokuwa kwenye foleni ya mfereji walitazama siku mbili, siku ya tatu wakamuuliza Nekesa kama nimeokoka au naombewa.

Ilichukua miezi. Kutoka karai nikaenda pool, na siku moja nikajikuta nimevuka kwenda na kurudi mara ishirini bila kusimama, navuma. Nilikaa pembeni ya pool nikatamani nimkumbatie mama. Haiwezekani, kwa hivyo nikamtumia ujumbe kupitia kwa Nekesa. Akajibu: "Mwambie bado bahari."

Wakati huo mama alikuwa amekuja Nairobi kwa ajili ya kliniki ya goti. Alikaa kwa shemeji yangu kule mtaa wa Tena, kwa sababu kwangu hawezi kulala.

Tukashuka pwani kwa treni siku ya Ijumaa, mimi na Nekesa, mashindano yakiwa Jumapili. Tumefika, nimetua mizigo, Nekesa ananiambia kwa sauti ya upole sana: "Baba Mueni, usikasirike. Mama yuko behewa la nyuma."

Mama alikuwa amesafiri na sisi na goti lake. Alisema anataka kujua kama nimejifunza.

Nilifurahi kwa sekunde kama tatu hivi. Halafu nikakumbuka nguo.

Wakuu, nguo ya triathlon ni moja tu, kuanzia mabega mpaka mapajani. Inabana kila mahali na haifichi kitu. Unaogelea nayo, unaendesha nayo, unakimbia nayo. Nikiivaa mimi, hata Nekesa huangalia kando, sembuse mama yake.

Mama mwenyewe alishapanga. Ufuoni hatakuja kabisa, wala kwenye baiskeli. Atakuja mbio tu, ataketi mbali kidogo na barabara. Lakini mbio zenyewe zilikuwa raundi tatu za kilomita saba. Maana yake nitampita mara tatu.

Suruali niliyokuwa nayo ni jeans, na kilomita ishirini na moja na jeans zilizolowa jasho huwezi. Kitu pekee kingine kwenye begi kilikuwa koti langu la kazi. Koti jeupe la bucha, refu mpaka magotini. Huwa nalivaa pool asubuhi kujikinga baridi. Nalifua kila wiki, lakini harufu ya mbuzi haijawahi kuhama.

Nikaamua hilo ndilo.

Jumapili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukaingia majini. Mwanzo moyo ulinipiga vilevile kama mwaka jana. Mtu akanipiga teke la taya. Nikameza maji. Nikaona kayak iko karibu, na mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe.

Nikaushusha. Nikaingiza uso ndani na kuanza kuvuma. Ubeti wa kwanza ulitoka vibaya. Wa pili ukatulia. Nilivuma ule wimbo mmoja mpaka sijui nimeurudia mara ngapi, na nilipoinua kichwa vizuri niliona mchanga. Saa moja na dakika nne. Nilisimama ufuoni nikicheka peke yangu, marshal mmoja, msimamizi wa mashindano, akadhani nimechanganyikiwa.

Baiskeli sitaieleza. Ni upepo na makalio kuuma, basi.

Saa sita kamili mchana nikaanza mbio. Mwisho ni saa tisa. Nikavaa koti, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikabandika namba kifuani. Marshal alinikagua juu mpaka chini, hakuona sheria niliyovunja, akaniachilia.

Watu walicheka njia nzima. Kuna waliodhani mimi ndiye daktari wa mashindano, mmoja akaja kunionyesha kifundo chake. Nikamwambia mimi ni wa mbuzi.

Kilomita ya sita nikamwona mama. Ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya kivuli cha ukuta, leso mabegani, Nekesa kando yake. Nikapunguza mwendo, nikainamisha kichwa kwa heshima, nikapita. Alitikisa kichwa kukubali. Nilijiona mkwe wa maana sana.

Raundi ya pili ndiyo iliyoniua. Jua la pwani saa saba mchana na koti zito la pamba. Jasho likaingia, koti likawa zito zaidi, likaanza kunipiga magotini. Nikaanza kutembea. Nikajaribu kukimbia, nikatembea tena. Watu niliowaacha nyuma majini wote walinipita.

Nilipofika tena alipo mama, kilomita ya kumi na tatu, ilikuwa saa nane kamili. Kilomita nane zimebaki, saa moja imebaki, na mimi sina miguu. Nilijua imeisha. Nilishaanza kufikiria nani atanunua baiskeli.

Mama alikuwa amesimama. Kwa lile goti, alikuwa amesimama muda mrefu, Nekesa aliniambia baadaye. Akanitazama nikija natembea. Halafu akashika kiti chake, akakigeuza kikaelekea ukutani, akaketi, mgongo kwangu na kwa barabara yote. Akasema kwa sauti, bila kugeuka:

"Mwambie mtu wako avue hilo koti. Mimi najua kugeuka."

Nekesa hata hakurudia. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Nilivua koti kwenye meza ya maji ya wakimbiaji iliyokuwa karibu, nikaliacha hapo. Upepo ukanipiga mwilini. Wakuu, sikuwa nimepona, miguu ilikuwa ileile, lakini nilianza kukimbia, na safari hii sikutembea. Kila nilipotaka kusimama nilimkumbuka mama mzima amesafiri kutoka Nairobi na goti bovu kuja kutazama mashindano, na sasa anatazama ukuta kwa ajili yangu.

Nilimkuta vilevile raundi ya mwisho. Hajageuka. Wauza madafu walikuwa wameanza kumuuliza Nekesa kama bibi amekosana na mtu. Nilipita nikiwa sina pumzi, na ile njia pekee ya kupata pumzi niliyofundishwa na yeye ikaja yenyewe. Nikapita navuma.

Nilimaliza saa tisa kasoro dakika tatu.

Kila mtu pale mwisho alikuwa anakumbatiwa. Mimi niliketi chini nikasubiri. Nekesa akaja na koti langu, akanifunga vifungo yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kisha akaenda kumwambia mama anaweza kuja.

Mama akaja polepole, akasimama hatua kama tano. Nilitaka aione medali, aishike kidogo, maana nusu yake ni yake. Nikaivua shingoni, nikaiweka juu ya kiti kilichokuwa hapo kando, nikarudi nyuma.

Mama akaichukua, akaivaa shingoni. Akamwambia Nekesa:

"Mwambie mtu wako asante kwa zawadi. Na mwambie nimemsikia akipita. Alikuwa anavuma."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwao ukiweka kitu na kurudi nyuma, umeshatoa.

Nekesa alicheka mpaka akaketi chini. Mimi nikasema, "Mwambie mama ni yake kabisa," na nilimaanisha kuliko kitu chochote nilichosema siku hiyo.

Sasa medali iko Budalang'i. Nasikia huvaliwa kanisani, halafu hutundikwa chumbani kwa mama juu ya kitanda. Huko siruhusiwi kuingia, kwa hivyo picha ndiyo hiyo hamna.

Nilichojifunza ni hiki: niliamini mzigo wa heshima ni wangu peke yangu, niubebe mpaka nianguke barabarani. Sikujua mwenzangu yuko tayari kugeuza kiti.

Walioolewa na kuoa huko Magharibi, mniambie: kuna njia ya kumshukuru mama mkwe zaidi ya kuweka kitu kwenye kiti? Maana nimejiandikisha tena mwaka ujao, na amesharekodi voice note. Anasema baiskeli naendesha vibaya.