Mimi ndiye niliyekuwa natubu kila mkutano wa baba: maisha ya mtoto wa mchungaji Morogoro

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenikuta mwenyewe, na mama yangu bado yupo hai, kwa hiyo sina pa kuongezea chumvi.

Mimi ni mtoto wa mchungaji, wa kwanza kuzaliwa, nina wadogo wawili. Nimekulia Morogoro mjini, enzi za ruksa, mitumba ndiyo inaanza kujaa sokoni. Kanisa letu dogo likapata jenereta na spika mbili, basi kila likizo baba anatubeba kwenda kuhubiri vijijini.

Waliokulia makanisani wanajua. Mhubiri akimaliza, anaita wanaotaka kutubu wapite mbele. Kazi ni yule wa kwanza. Akitoka mmoja, wengine wanafuata.

Kwetu wa kwanza nilikuwa mimi.

Baba akiita mara tatu bila mtu kuinuka, mama ananigusa begani. Napita, napiga magoti, baba ananiwekea mkono kichwani na kukemea dhambi zangu kwenye spika. Nimeokoka Matombo, nimeokoka Dumila, kwingine nimesahau.

Chekeni tu, lakini nilianza nikiwa na miaka kumi.

Hakuna aliyeniambia kuwa ile ni mbinu. Nilijiuliza kwa nini mama hawagusi wadogo zangu. Nikaona lazima kuna kitu kibaya ndani yangu, wao wanakiona, mimi sikioni. Mwalimu akinisifu shuleni, moyoni nasema huyu hanijui. Self-esteem ilikuwa zero.

Nikiwa form two tukaenda Mkuyuni, siku ya gulio. Watu wamejaa, Waislamu kwa Wakristo, wengi wamefuata muziki.

Pale nikakutana na Mwanaidi, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja shuleni. Kumbe kwao ni hapo Mkuyuni. Akanivuta pembeni, akasema binamu yake aliniona nikitubu Matombo, na mwingine aliniona Dumila.

"Kwani mwenzetu huwa unafanya nini?"

Nikarudi kukaa kwenye benchi karibu na mama, na Mwanaidi akasimama mbele kabisa, ananiangalia.

Baba akaita. Kimya. Akaita tena. Mara ya tatu, mkono wa mama ukatua begani.

Sikuinuka.

Mama akanifinya. Nikashika benchi kwa mikono miwili. Niliogopa, wakuu, siwadanganyi. Baba alinitazama mpaka watu wakaanza kugeuka kuona anamtazama nani. Hakutoka hata mtu mmoja. Akafunga kwa sala fupi.

Tulipofika nyumbani baba akaniita uani, akauliza kwa nini nimemwaibisha mbele za watu. Nikajua leo nimekwisha, basi bora niseme.

"Baba, umenitubisha miaka yote hii. Hujawahi kuniuliza nimekosa nini."

Akavuta kigoda, akakaa.

"Hujakosa kitu, mwanangu. Nilikuwa nakutoa wewe kwa sababu wewe ndiye niliyekuwa na uhakika na mwenendo wake."

Nililia kwa hasira. Miaka mitano najiona takataka, kumbe nachaguliwa kwa sababu mimi ndiye mwema, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia!

Hakuomba radhi. Wazazi wa wakati ule hawakuwa na hayo.

Mkutano uliofuata aliita mara tatu, watu kimya. Mama hakunigusa. Baba akaweka maikrofoni chini, akashuka jukwaani, akapiga magoti peke yake pale mavumbini. Mpaka leo sijui kama ilikuwa mbinu nyingine, au alikuwa anatubu kwangu.

Nilichojifunza: mtoto anayekutii bila kuuliza huwa anajijibu mwenyewe, na anajijibu vibaya. Mwambie unavyomwona, kwa mdomo wako.

Watoto wa wachungaji, wa masheikh na wa walimu wakuu mliomo humu, nyie mlibebeshwa nini? Uwanja ni wenu.