Dakika Mbili za Magharibi

Duka la steshenari pale Temeke lilikuwa na kompyuta moja, na kila mwaka ndiyo iliyochapa ratiba ya Ramadhani ya msikiti wa jirani. Mwaka uliotangulia ilimwaibisha mwenye duka. Katika kumi la mwisho, mama mkwe wake alifuata karatasi akafuturu, na tende iko mdomoni ndiyo adhana inaanza. Bibi wa watu aliilipa siku ile kwa shaka, akaapa hatazifuata tena karatasi za mkwewe.

Mwenye duka akaniita mimi, Mlutheri kutoka bara niliyesomea kompyuta kidogo. Nilipoifungua programu ya kutengeneza ratiba nilitukana. Aliyeiandika alikokotoa kuzama kwa jua katika kumi la kwanza, akanakili kwa la pili, akanakili tena kwa la tatu. Nikaamua iwe hesabu moja tu. Lakini kwanza, kwa woga, niliandika programu ndogo ya kuikagua ile kubwa: inalinganisha majibu yake na ratiba za zamani, za kabla ya kompyuta, ambazo msikiti ulizikubali, kisha inaandika SAWA au KOSA. Kila nilipogusa mstari, niliiendesha.

Magharibi za kumi la tatu tu ndizo zilizotoa KOSA; mengine yalikwenda vizuri mpaka nilipokuta namba mbili imejumlishwa kwenye magharibi za kumi la kwanza na la pili, la tatu haimo. Nikaiona takataka, nikaifuta. Skrini ikajaa KOSA, magharibi zote.

Nikapandwa na hasira. Jua nimelikokotoa sawasawa!

"Mama, ratiba zenu za zamani zina makosa, magharibi zimechelewa dakika mbili," nikamwambia mwenye duka.

Alicheka hadi akashika kaunta. "Hizo dakika mbili ni za tahadhari, mwanangu. Nyie watu wa bara mnataka tufuturu jua bado linachungulia?"

Kumbe aliyenakili ndiye aliyezisahau alipofika kumi la tatu. Nikazirudisha, mahali pamoja tu, nikaziita TAHADHARI ili atakayekuja asizifute kama mimi. SAWA mpaka chini. Nilifurahi mno, lakini bibi hakushawishika. Aliendelea kungoja adhana.

Siku moja ya kumi la mwisho walinialika futari. Umeme ukakatika, spika ya msikiti ikanyamaza, na mawingu yalikuwa yamefunga. Tukakaa mkekani tukitazamana. Mwenye duka akanisogezea ratiba yetu.

"Haya, karatasi inasemaje?" bibi akauliza, macho kwangu.

"Bado dakika moja, bibi." Nikaendelea kuitazama saa.

Ilipotimia, bibi alisema bismillahi, akanywa maji. Mwenye duka, pembeni yangu, alikuwa analia huku anacheka.