Gunia la Fidibaki

Nikiwaambia haya naficha uso kwa leso, lakini afadhali mnicheke mimi mwenyewe nikisimulia kuliko muyasikie kwa Wandera wa Lumino, maana yeye huongeza chumvi mpaka nimeanguka na meza, na mimi sikuanguka na meza.

Kikundi chetu cha akina mama hapa Busia kilipewa vifaranga na mradi mmoja wenye ofisi Tororo, pamoja na chakula cha kuku cha dukani, kile tunachokiita fidi. Basi vifaranga wakaikataa. Wanadonoa, wanaacha, wanasinzia, asubuhi unakuta wengine wamelala miguu juu. Tukanyamaza, kwa sababu tuliogopa tutaitwa wazembe na waliobaki wapewe kikundi cha Wandera, aliyekuwa anawamezea mate tangu mwanzo.

Siku moja akaja Okoth, kijana wa mradi, mtoto wa marehemu Perusi Nyafwono (nilimbeba mgongoni huyo, alikuwa analia sana), siku hizi ana viatu vya ncha na maneno ya ofisi hayamwishi: stekiholda, sinaji, impakti, na sisi kazi yetu kutikisa vichwa. Mwisho akasema, "Jumanne njooni Tororo, bosi mwenyewe atakuwepo. Kila kikundi ilete fidibaki. Jaja, tuko pamoja?"

"Tuko pamoja kabisa," nikajibu, maana jaja, yaani bibi, ndiye mimi.

Hapo ndipo ningeuliza. Sikuuliza, nilikuwa nimekaa mbele nimevaa gomesi mpya, lile gauni letu la heshima, na mtu wa gomesi mpya anaulizaje? Tena neno lenyewe nililielewa: fidi iliyobaki. Wanataka chakula chao kirudi!

Nikazunguka kwa Taaka, kwa Amoding, kwa Nabwire mjane wa Egesa, nikawaambia leteni fidibaki yote, msiache hata punje.

"Mama Oundo," Taaka akaniuliza, "wakiona imebaki nyingi hivi, si watajua kuku wamekufa?"

Nikamwambia wenye mali wameitaka mali yao.

Jumanne ukumbi ulijaa. Bosi, Madamu Akiror, alikuwa amekaa mezani na chai yake. Wandera akasoma karatasi aliyoandikiwa na binti yake Skovia, akapigiwa makofi. "Busia," Okoth akaita, "fidibaki yenu?"

Nikainuka na gunia kichwani, nikatembea kama bi harusi, nikalitua mezani mbele ya bosi. "Hii hapa, madamu. Yote."

Kumbe panya walishalitembelea. Likapasuka ubavuni, fidi ikamwagika kwenye makaratasi, kwenye chai, kwenye viatu vya ncha vya Okoth, vumbi likapanda na ukumbi mzima ukaanza kupiga chafya. Wandera alicheka wa kwanza, wengine wakafuata.

"Jaja!" Okoth akaninong'oneza. "Fidibaki ni maoni! Ni kusema tu kwa mdomo!"

Nikaanza kuizoa fidi kwa viganja. Ndipo Taaka, mtu asiyeongea mikutanoni hata akikanyagwa, akasimama.

"Nani mwingine hapa alikuwa anajua hiyo neno? Anyooshe mkono. Wewe Wandera, ulijua?"

Wandera akaitazama karatasi yake. Hakuna mkono uliopanda.

"Basi maoni yetu ndiyo hayo mezani," Taaka akasema. "Kuku wameikataa, na wengine wamekufa."

Madamu Akiror hakuwa amecheka hata kidogo. Akachota fidi, akanusa, akakunja pua. "Hii imeota ukungu. Okoth, kila siku nakuuliza fidibaki, unaniambia iko positivu."

Okoth akaanza kupangusa viatu.

"Na zetu pia wamekufa," Wandera akasema kwa sauti ndogo.

Hatukunyang'anywa kuku. Tuliletewa fidi nzuri na vifaranga wengine, na Okoth siku hizi akija anakaa kwenye mkeka na kuniuliza, "Jaja, kuku wanasemaje?" Mungu ambariki Madamu Akiror kwa kutonicheka, awabariki na wale panya, maana gunia lingebaki limefungwa nani angenusa?

Mimi sitikisi kichwa tena. Neno nisilolijua nanyoosha mkono, hata kanisani (mchungaji Wafula ameshanichoka). Sokoni wananiita Mama Fidibaki, naitika. Na kuku walipoanza kutaga, yai la kwanza sikulila wala sikuliuza, nililifunga kwenye leso nikampelekea Taaka.