Baiskeli ya Makala Ndani ya Mtumbwi wa Mjomba

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya simu ya jirani. Alinionyesha mbio za mashua za matajiri. Kumbe siku hizi mashua hizo zina mabawa chini na zinaruka juu ya maji, kompyuta inamwambia nahodha la kufanya, na mabaharia, jamani, wanakanyaga baiskeli! Wameinamisha vichwa, miguu inazalisha nguvu ya kuvuta tanga, na njia hawaitazami kabisa. Mimi hubeba makala, yaani mkaa wa kupikia, kwa baiskeli kutoka huko nyuma ya mtaa wa Kasungami, magunia yakinizidi kimo. Nikajua papo hapo kwamba mimi ni baharia.

Mjomba Musonda, mvuvi wa Kasenga, kwenye mto unaopakana na Zambia, alikuwa na shida. Kila sikukuu ya parokia ukoo wetu hushindana kwa mitumbwi na ukoo wa watani wetu, na mshindi huupa jina jipya mtumbwi wa aliyeshindwa. Wa mjomba uliitwa Mama Chilufya, jina la marehemu mama yake. Aliposhindwa, watani wakalifuta, wakaandika Bwana Usingizi. Sasa wateja sokoni wanauliza kama samaki wake nao wamelala. Iliniuma sana, maana Chilufya ni bibi yangu.

Njiani nilikaa juu ya lori linalokwenda kuchukua samaki, nimeikumbatia baiskeli yangu. Tulifika wekundu kwa vumbi, hata mjomba hakunitambua.

"Mwipwa, batajiri banaendesha kinga mu bwato?" aliuliza baada ya kunisikiliza, akiitazama baiskeli, kisha mtumbwi wake.

"Ndiyo, muyomba. Nimeona na macho yangu."

"Basi tufunge."

Tuliifunga ndani ya mtumbwi, mnyororo ukizungusha mapanga ya feni mbovu chini ya maji.

Siku ya mbio tulipangwa kwenye kisiwa cha matete, pua zikielekea soko la Kasenga. Filimbi ikalia. Niliinamisha kichwa kama wale wa kwenye simu, nikakanyaga kwa nguvu za kupandisha makala mlimani. Maji yalivuma. Furaha ilinijaa.

"Simama! Tunaenda mu Zambie!" mjomba alipiga kelele.

Nikainua kichwa. Soko lilikuwa linatukimbia. Mapanga tulikuwa tumeyafunga kinyume.

"Kanyaga kinyuma!"

"Kinga haiendake kinyuma, muyomba!"

Kwa hasira na kasia moja, akaugeuza mtumbwi mkia uelekee soko. Nikakanyaga tena, safari hii macho wazi, tukawafikia watani.

Ufukweni pakazuka zogo. Mkia wetu uligusa mchanga kwanza, pua ya watani ikafuata, pua yetu ikawa ya mwisho. Mama Bwalya, msemaji wa watani, mkausha samaki asiye na huruma, aliuzunguka mtumbwi akicheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Mukia imeshinda," alitangaza. "Pua imeshindwa. Kila moya ikamate jina yake."

Nilirudi na lori lilelile, nimebanwa na samaki. Mtumbwi niliuacha na majina mawili: puani Bwana Usingizi, mkiani Mama Chilufya.

Nilichojifunza ni kwamba teknolojia ya matajiri inatufikia nasi, ila kwetu ilitanguliza mkia. Baiskeli imerudi kwenye makala. Mjomba naye, nasikia, anapiga kasia kinyumenyume hadi leo, mkia mbele, Kasenga nzima ikimcheka. Nilimpigia simu kumsihi augeuze.

"Apana, mwipwa," alisema. "Mama njo anatangulia."