Kinini cha Shingoni

Mwaka wa uasi, padri aliyefundisha kemia shuleni kwetu Kasenga, hapa Uvira, alivuka kwenda Burundi na redio yake na mbwa wake, akaniachia mimi, mwalimu msaidizi, ufunguo wa labo. Nikajiona waziri.

Wakati huo mama yangu alikuwa amelala na malaria, anatetemeka, hatambui hata watoto wake. Hospitali haikuwa na hata kinini, dawa yenyewe ya malaria. Shangazi, dada wa baba, mwanamke asiyeomba ruhusa hata kwa Mungu, akanunua sokoni unga mweupe uliokunjwa kwenye karatasi.

"Iko kinini," akasema. "Nimeuonja, ni uchungu kabisa."

Uchungu si kitu. Hata majani ya mubirizi ni machungu, yanaota nyuma ya kila choo cha Uvira, na kila mlaghai anajua kuyachemsha. Mama hakuwa na nguvu za kumeza uongo. Nikasema tukauyeyushe ule unga labo.

Padri alikuwa ameacha kichupa chenye kinini safi, chembechembe tu chini, kisichotosha kutibu hata kuku. Nikatia chembe ndani ya kijibomba cha kioo, chembamba kama jiti la ufagio, na unga wa soko ndani ya kingine. Nikavifunga kwa uzi kwenye termometre, nikavitumbukiza katika kikombe cha mafuta ya karanga juu ya mbabula, jiko la makaa. Kitu safi kina joto lake la kuyeyukia, na kikilifikia kinayeyuka mara moja, hakibembelezwi. Kama vyote viwili ni kinini, vitayeyuka pamoja.

Mlangoni alisimama mwasi mwenye ndevu aliyewekwa kulinda shule. Shingoni alivaa kifuko cha dawa ya mganga wao, ile ya kugeuza risasi kuwa maji. Sharti lake lilikuwa moja: mwanamke akiigusa, nguvu zinakwisha. Kwa hiyo alimkwepa Shangazi kama sufuria ya moto.

Joto likapanda. Kinini cha padri kikakaa, kikakaa, kisha kikawa maji. Unga wa soko ukageuka kahawia, ukanuka muhogo ulioungua. Nilitaka kulia, nikalia.

Mwasi akacheka. "Ya kwenu iko bure, mwalimu. Pima ya kwangu, weye utaona dawa."

Akanipa chembe kutoka kifukoni. Nikaanza upya, yake na ya padri bega kwa bega. Zikayeyuka pamoja, kufumba na kufumbua. Vitu tofauti vikichanganywa huwahi kuyeyuka, kwa hiyo nikazichanganya katika kijibomba kimoja; ikawa vilevile. Mganga wao, mwizi mkubwa, alikuwa amewavalisha kinini cha hospitali.

Nikamwomba anipe, nikamwambia mama anakufa.

"Nikitoa, minye ndiyo nitakufa," akasema, na aliamini hivyo kabisa.

Shangazi hakubishana. Alinyoosha mkono, akakishika kile kifuko jinsi anavyomshika kuku sokoni.

"Haya. Mwanamke ameigusa. Sasa itakusaidia nini, baba?"

Angeweza kutupiga risasi. Badala yake alikivua, akakiweka mezani, akaketi karibu na mbabula kama mtu aliyefiwa.

Nikapima kinini kwenye mizani ya labo, mama akanywa. Homa ilipomwacha, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani ameacha sufuria zake chafu.

Mwasi akapelekwa Luberizi kupigana na askari wa serikali, shingo tupu. Tangu hapo Shangazi alimtaja jioni katika sala, naye si mtu wa sala. Alikuwa na hofu, na mimi pia.

Baada ya miezi akatokea mlangoni kwetu, amekonda, amenyoa ndevu, amebeba mchele wa Kiringye. Akatueleza kwamba risasi zilipoanza, wenzake walisimama wima na dawa zao, wanaimba. Yeye, kwa kuwa hakuwa na kitu, alilala kifudifudi katika maji ya shamba la mpunga mpaka pakanyamaza. Alipoinuka, alikuwa peke yake.

Kisha akamtazama Shangazi.

"Mama," akasema, "mbona haukugusa na za wenzangu?"