Mfereji Usiokuwa Kwenye Ramani

Watu wakiniambia Nyeri imeendelea, nanyamaza tu, kwa sababu nikifungua mdomo nitaonekana mtu mbaya. Wananionyesha nyumba za mawe zilizoteremka kutoka upande wa Skuta mpaka ukingoni mwa mto Chania, madirisha ya vioo, maua getini. Ati nione vile tumetoka mbali. Mimi naona mahali mfereji ulipopita, na roho inaniuma kama jana.

Mama yangu alikuwa na mashine ya maji ya kusaga unga. Si hizi za dizeli zilizopiga kelele sokoni na kuuchoma unga mpaka ukanuka moshi. Yetu ilikuwa gurudumu la mbao pale chini mtoni, na mawe mawili makubwa, moja juu ya lingine, yaliyochongwa na babu kabla sijazaliwa. Maji yalitoka juu kabisa, Chania inapopinda, yakafuata mfereji ulioshika ubavu wa kilima, yakaja kuliangukia gurudumu. Jiwe lilizunguka polepole na unga ukatoka baridi. Wanawake waliipita hiyo dizeli na mahindi yao mgongoni, wakaja kwetu. Baba alikuwa seremala mjini, kazi ya leo ipo kesho haipo, kwa hivyo tulikula, tukavaa na tukasoma kwa jiwe hilo.

Mfereji wenyewe ulipita kwenye shamba la mzungu. Aliuacha upite kwa sababu ng'ombe wake walikunywa humo, wema haukuwemo. Uhuru ulipokuja akauza, na watu wa kwetu wakaunda kampuni, wakanunua hisa ili shamba ligawanywe ploti za kujenga nyumba. Baba naye akajiunga. Mama alifurahi kumshinda, maana sasa, alisema, mfereji utakuwa wetu wenyewe na hakuna mtu wa kuombwa ruhusa.

Tulikuwa na desturi. Kabla ya mvua ndefu mama aliuziba mdomo wa mfereji kwa magunia ya udongo, maji yakakauka, na kila aliyesaga kwetu akaja na jembe. Walizoa matope, wakafyeka majani, kisha tukala githeri, mahindi na maharagwe, pamoja kwenye nyasi. Mwaka wa kupimwa shamba, mpimaji alikuja wiki hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa mbali, hakujua mambo ya huku. Alikuta mtaro mkavu, akapiga bikoni zake za mipaka ng'ambo hii na ng'ambo ile, akaenda zake. Watu walikuwa pale pale na majembe mikononi. Walimsalimia, wakampa chai, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa ndipo maji hupita. Nani amwambie, na kila mtu anajua? Hata mama alimwona. Alimkaribisha githeri.

Siku ya kupiga kura ya ploti, nambari zilitiwa kwenye kofia ya mweka hazina. Baba alimsukuma mama mbele, ati mkono wake una bahati. Mama alikuwa ameomba kanisani apate ile ploti ya juu kabisa, pale mdomoni, aulinde mfereji mwenyewe. Akaipata. Wanawake walipiga vigelegele mpaka akalia. Sikumwona tena akifurahi hivyo, na siku hiyo sipendi kuikumbuka.

Ramani ilipotoka, mfereji haukuwamo. Mwanzoni tulicheka. Halafu mtu wa kwanza akachimba msingi wake na kuumwaga udongo mle ndani. Mama akaenda kwake kwa upole, kisha kwa jirani yake, kisha nyumba kwa nyumba, akiomba tu nafasi ndogo maji yapite. Hawakuwa wageni hawa. Aliwasagia unga, na wengine aliimba nao kanisani. Walimkaribisha vizuri, wakamwambia tutaona, halafu wakaikunjua ramani na kuweka kidole: si unaona, mama, ploti yangu iko mzima? Mwenyekiti wa kampuni naye akasema yeye hufuata karatasi. Na wale wale waliojitia hamnazo ndio waliokuja baadaye kuuliza mbona mashine haisagi.

Nilitamani kumtukana mtu. Mama alinikataza. Alisema watu hawa wamelala kwa vibanda maisha yao yote, wakipata ploti hawawezi kumwachia mwenzao hata futi moja. Alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Wangelala wapi? Na sisi tungekula nini?

Maji yalipungua, yakawa matope, yakawa ya sabuni za watu, na siku moja gurudumu likasimama. Mama aliendelea kukifagia chumba cha mashine kila asubuhi. Ploti yetu ndiyo ilikuwa ya mwisho kukaa bure, kwa sababu baba hakutaka kuwa yeye wa kuuziba mdomo. Lakini mfereji umekufa huko chini, alisema mwishowe, sasa tunalinda nini? Akaanza kujenga. Fundi alipotaka mawe magumu ya msingi, baba alimwonyesha yale mawili ya mashine. Vijana waliyavingirisha kutoka mtoni, wakayapasua kwa nyundo, wakayatandaza chini ya sakafu na kumwaga simiti. Mama alisimama kando amejifunga leso. Baba hakumtazama.

Tukahamia. Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya, na sakafu baba aliipaka rangi nyekundu. Mama akaanza kununua unga wa pakiti dukani. Kila akisonga ugali alisema una ladha ya karatasi.

Mvua ndefu iliyofuata ilinyesha sana huko mlimani na Chania ikafurika. Asubuhi tukinywa chai, maji yaliingia kwa mlango wa nyuma. Hayakuja kwa fujo. Yalipita katikati ya sebule na kutokea mlango wa mbele, njia ile ile ya zamani. Sisi watoto tulibeba viti, baba akajitwika godoro. Mama peke yake hakushika kitu. Alisimama miguu mitupu kwenye sakafu nyekundu, maji yakimpita, akiyatazama.

"Baba watoto," akasema, "maji si haya yamekuja. Jiwe yangu iko wapi?"

Baba alisimama na godoro lake kichwani. Sote tulijua liko wapi. Mama alikuwa amelikanyaga.